Mazoezi ya Mwili Baada ya Kutoa Damu: Maneno, Mwili na Kazi

0. Utangulizi

Damu haitengenezwi kiwandani. Mtoto aliyepungukiwa damu kwa sababu ya malaria, mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, na mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao Wakongo wengi huutaja kwa herufi mbili tu, SS, wote humtegemea mtu mzima aliyekubali kunyosha mkono wake. Katika hospitali nyingi za Kongo mtu huyo ni jamaa ya mgonjwa aliyeitwa kwa haraka. Mara nyingine ni mwanafunzi, kwa kuwa vijana wa chuo kikuu hufikiriwa kwanza watu wenye afya wanapotafutwa. Lakini mwanafunzi huyo huyo ana mchezo wa mpira Jumamosi, au ana kilomita kadhaa za kutembea kutoka Kasapa hadi katikati ya mji wa Lubumbashi, au hulipia masomo yake kwa kubeba mizigo sokoni. Swali lake ni la haki kabisa: akiisha kutoa damu, mwili wake utaweza kufanya nini, na kuanzia lini?

Swali hili hujibiwa vibaya kwa namna mbili. Wako wanaosema kwamba aliyetoa damu amepoteza nguvu zake, wala hatazipata tena zote. Wako pia wanaosema kwamba jambo hilo si kitu, na kwamba kijana mwenye afya anaweza kutoa damu asubuhi na kukimbia jioni. Jibu la kwanza huwanyima wagonjwa damu. La pili huwaangusha watoaji uwanjani au barabarani. Makala haya yanakusudia kueleza yale yanayojulikana kuhusu jambo hili, yakianzia katika maneno, kwa sababu ushauri wa daktari mara nyingi hupotea njiani kabla ya kufika katika mwili wa anayeshauriwa.

1. Maneno yanayotumika

Kiswahili kina historia ndefu ya kuzungumzia damu inayotolewa mwilini. Kabla ya sindano na mfuko, neno lilikuwa kuumika, yaani kuvuta damu kwa pembe iitwayo chuku, ngozi ikiwa imechanjwa. Tiba hiyo ilimlenga yule yule aliyetolewa damu; haikuwa zawadi kwa mwingine. Siku hizi neno chuku limebaki zaidi katika usemi kupiga chuku, maana yake kutia chumvi katika maneno, na yafaa kukiri kwamba katika habari za kutoa damu chuku za namna hiyo bado zinapigwa nyingi.

Kitenzi kutoa damu kina utata. Mgonjwa hutoa damu ya kupimwa, mililita chache tu. Mtoaji hutoa damu ya kumpa mwingine, karibu nusu lita. Aliyetolewa damu ya kipimo asubuhi, akacheza jioni bila shida, huweza kudhani kwamba amekwisha kujaribu jambo hili, kumbe hajalijaribu. Wanaosema kuchangia damu, kama ilivyozoeleka Tanzania na Kenya, wameuepuka utata huo, na neno lao lafaa kuenezwa.

Usemi wa pili, kuongeza damu, una hatari zaidi. Mgonjwa huongezwa damu kutoka mfukoni, nayo huingia mishipani ikiwa tayari. Kwa kitenzi hicho hicho husemwa kwamba sombe, matembele, nyanya, hata kinywaji chekundu cha chupa, huongeza damu. Basi mtoaji hunywa chupa moja, huona rangi yake nyekundu, na huamini kwamba kilichotoka kimerudi. Chakula hakiongezi damu jinsi mfuko unavyoiongeza. Chakula huleta vifaa, mwili hujenga, na ujenzi huo huhesabiwa kwa majuma, si kwa saa.

Neno mazoezi, kwa asili yake, linatoka katika kitenzi kuzoea, na kwa hiyo limebeba wazo zuri la mwili unaozoeshwa kidogo kidogo. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku mazoezi ni ya shule au ya uwanja. Mtu anayesukuma kinga yenye magunia ya makala kutoka porini hadi mjini hasemi kwamba anafanya mazoezi. Anasema anafanya kazi. Akiambiwa asifanye mazoezi makali leo, atakubali kwa moyo wote, kisha ataondoka kwenda kusukuma kinga. Jambo hili litarudiwa mbele, kwa kuwa katika Kongo watoaji wa namna hiyo si wachache.

2. Kinachotoka na kinachorudi

Mwanamume mwenye afya ana damu ipatayo mililita 70 kwa kila kilo ya uzito wake, mwanamke mililita 65 hivi. Mwanamume wa kilo 60, basi, ana lita 4 na zaidi kidogo. Mfuko wa kawaida huchukua mililita 450, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya damu yake yote. Kwa mwanamke wa kilo 50, mwenye lita 3 na robo, mfuko ule ule ni karibu asilimia 14. Kwa hiyo watoaji wawili waliolala katika vitanda vilivyopakana, wakaondoka saa moja, hawakutoa sawasawa, ingawa mifuko yao inalingana. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutaka mtoaji wa mililita 450 awe na uzito wa kilo 50 au zaidi, na wa mililita 350 asipungue kilo 45. Si dharau kwa wembamba.

Damu iliyotoka ina sehemu mbili kubwa. Zaidi ya nusu ni maji yake, yaitwayo plazma, yenye chumvi na protini. Iliyobaki karibu yote ni chembe nyekundu, zinazobeba oksijeni kwa msaada wa hemoglobini. Sehemu hizi hazirudi kwa mwendo mmoja. Plazma hurudi upesi, kwa muda wa saa 24 hadi 48, kwa kuwa mwili huvuta maji kutoka katika nyama zake na kutoka katika yale anayokunywa mtu. Chembe nyekundu hurudi polepole. Figo huhisi kwamba oksijeni imepungua, hutoa homoni iitwayo eritropoietini, na homoni hiyo huuamuru uboho wa mifupa kuzidisha kazi. Chembe changa huanza kuongezeka baada ya siku chache, na upungufu huzibwa kwa majuma manne hadi manane, mtu akiwa na madini ya chuma ya kutosha. Asipokuwa nayo, muda hurefuka sana.

Kutokana na tofauti hiyo ya mwendo hutokea jambo linalowashangaza wengi. Mara tu baada ya kutoa damu, kipimo cha hemoglobini kwa kila desilita hakijashuka sana, kwa sababu maji na chembe vimetoka pamoja. Siku ya pili na ya tatu, maji yakiwa yamerudi na chembe bado, damu huwa nyepesi kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Mtoaji aliyejisikia vizuri jioni ile hushangaa siku ya tatu anapopanda ngazi na kuhema. Hakuna ugonjwa mpya uliomwingia. Hatari ya kuanguka imepita, na upungufu wa pumzi ndio umefika mahali pake pa juu. Mambo haya mawili yana sababu mbalimbali na dawa mbalimbali. Kuyachanganya ndiko kunakozaa ushauri usioeleweka.

3. Saa 24 za kwanza

Katika siku ya kwanza tatizo kubwa ni shinikizo la damu. Maji yaliyomo mishipani yamepungua. Mtu akilala au akiketi, mishipa hujikaza na moyo huongeza mwendo kidogo, na kila kitu huenda vyema. Akisimama ghafula, damu huteremka miguuni, ubongo hupata kidogo, naye huona giza. Akifanya mazoezi, misuli hufungua mishipa yake na kudai damu nyingi. Ikiwa kuna jua kali, ngozi nayo hudai yake ili kuupoza mwili. Sehemu tatu, yaani ubongo, misuli na ngozi, sasa zinagombea akiba iliyopungua. Muda wa hatari kuliko yote ni ule wa kusimama baada ya kukimbia: misuli ya miguu, iliyokuwa ikiisukuma damu kurudi moyoni, imenyamaza, lakini mishipa yake bado imefunguka. Ndipo mtu huzirai, naye amekwisha maliza mbio na wenzake wanampongeza.

Watu wengi wanaozirai hufanya hivyo wakiwa bado kitandani au wanapoinuka, na hapo mwuguzi yupo. Wachache huzirai baadaye, saa kadhaa baada ya kuondoka, njiani au kazini, na hao ndio wanaoumia. Hupatwa zaidi vijana, wanaotoa kwa mara ya kwanza, wanawake, na wenye uzito mdogo. Wanafunzi wengi wamo katika makundi mawili au matatu kati ya hayo kwa wakati mmoja, na zaidi ya hapo wengine huja bila kula, ama kwa sababu ya mfuko mtupu, ama kwa kudhani kwamba damu hutolewa kabla ya kula kama ilivyo kwa vipimo fulani. Kutoa damu na tumbo tupu ni kosa. Yafaa mtu ale, na anywe maji nusu lita muda mfupi kabla ya sindano. Faida ya maji hayo katika kupunguza kuzirai imechunguzwa na kuthibitishwa.

Baada ya sindano mtoaji apumzike kwa dakika 10 au 15, ainuke kwa hatua, kwanza kuketi na kisha kusimama. Akiona kizunguzungu, alale chini papo hapo na kuinua miguu, asijaribu kufika nyumbani kwanza. Iwapo hakuna mahali pa kulala, akae na kuinamisha kichwa kati ya magoti. Akiwa amesimama katika msururu, kwa mfano mbele ya benki, apishanishe miguu na kukaza misuli ya mapaja na makalio: kitendo hicho hurudisha damu juu na humpa muda wa kutafuta pa kukaa.

Mkono nao una haki yake. Sindano ya kutolea damu ni nene kuliko ya kipimo, na tundu lake katika mshipa huziba kwa saa nyingi. Kuinua chuma, kubeba ndoo, kupiga maji katika bwawa la kuogelea, au kudaka mpira kama mlinda mlango, huweza kulifungua na kumwaga damu chini ya ngozi, nayo huvimba na kugeuka rangi. Bandeji ibaki kwa muda wa saa nne hivi, na mkono ule usibebe kizito mpaka siku ya pili. Ikitoka damu, mtu abonyeze mahali pale kwa vidole na kuinua mkono juu ya kichwa. Ganzi au maumivu yanayoshuka hadi vidoleni ni sababu ya kurudi kwa daktari.

Basi katika siku hiyo ya kwanza kutembea kwa kawaida kunaruhusiwa. Kukimbia, mpira, uzito, na kila mchezo wa kupanda au kupiga mbizi, hapana. Pombe pia ingoje, kwa sababu hufungua mishipa na huupotezea mwili maji.

4. Hesabu ya oksijeni

Baada ya siku mbili shinikizo limerudi mahali pake, na swali linalobaki ni la oksijeni. Hapa hesabu kidogo hueleza mambo kuliko mawaidha mengi.

Gramu moja ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Kutoa mililita 450 za damu hushusha hemoglobini kwa karibu gramu 1 kwa desilita, yaani gramu 10 kwa lita. Kila lita ya damu, basi, hubeba mililita 13 hivi pungufu. Mtu aliyeketi maktabani, moyo wake husukuma lita 5 kwa dakika. Upungufu wake ni mililita 67. Lakini damu yake hubeba karibu mililita 1,000 kwa dakika, naye hutumia 250 tu. Hatambui lolote. Kijana huyo huyo akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wake husukuma lita 20 kwa dakika au zaidi. Upungufu sasa ni karibu mililita 270 kati ya 3,000 ambazo angezihitaji, yaani chini kidogo ya asilimia 10, na hapa hakuna akiba ya kufidia, kwa sababu mwili ulikuwa ukitumia karibu yote.

Vipimo vilivyofanywa kwa watoaji vinakaribiana na hesabu hii: uwezo wa juu wa kutumia oksijeni hushuka kwa asilimia chache, mara nyingi karibu 7, katika siku za kwanza, ilhali kazi ya wastani haiguswi sana. Mwaka 1972 Björn Ekblom na wenzake huko Stockholm walilipima jambo hili kwa ukali zaidi. Waliwatoa vijana kadhaa damu nyingi kuliko ya mfuko mmoja, wakaona uwezo wao unashuka. Baada ya majuma manne waliwarudishia chembe zao wenyewe, uwezo ukapanda kupita ule wa mwanzo. Nusu ya pili ya jaribio hilo ilivutia zaidi waliotaka ushindi wa haramu, na kuongezwa damu ili kushinda kukapigwa marufuku katika michezo ya kimataifa. Ni nusu ya kwanza inayomhusu mtoaji.

Kutokana na hayo, aliyezoea mwendo wa kawaida, baiskeli ya taratibu, au mpira wa kujifurahisha, anaweza kurudi siku ya pili au ya tatu akiwa mwangalifu, mradi hana kizunguzungu. Kigezo kizuri ni mazungumzo: akikimbia na bado anaweza kusema sentensi nzima, mwendo wake ni salama. Kigezo kingine ni mapigo ya moyo. Anayeyahesabu asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, kwa siku chache kabla ya kutoa damu na siku kadhaa baadaye, atajionea mwenyewe lini moyo umerudi katika mwendo wake. Mbio za kasi, mashindano na mazoezi ya kumaliza pumzi yangoje juma moja au mawili. Mchezaji wa timu, ambaye asilimia 7 ni tofauti kati ya kuufikia mpira na kuukosa, afadhali atoe damu wakati ligi imepumzika, majuma manne hivi kabla ya mchezo mkubwa. Kumwambia mchezaji asitoe kamwe ni kupoteza bure mmoja wa watoaji bora.

Mwinuko wa nchi nao huingia katika hesabu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Bukavu na Goma karibu 1,500. Wakaaji wa miji hiyo wamezoea. Lakini anayekusudia kupanda mlima kama Nyiragongo, wenye mita 3,470, ambako hewa yenyewe ina oksijeni kidogo, asitoe damu katika majuma yanayotangulia safari. Joto la mwezi wa Oktoba mjini Lubumbashi, kabla mvua hazijakaza, nalo linadai maji mengi na saa za asubuhi.

5. Madini ya chuma

Karatasi za ushauri zinazotoka Ulaya huzungumzia siku moja ya kupumzika na vikombe kadhaa vya maji, kisha hunyamaza. Huenda zinatosha huko ziliko andikwa, ambako nyama haikosekani mezani. Hapa sehemu kubwa ya jambo bado haijasemwa.

Kila gramu ya hemoglobini ina miligramu 3.4 za chuma. Mfuko wa mililita 450, wenye hemoglobini ya gramu 14 kwa desilita, una gramu 63, na kwa hiyo miligramu 214 za chuma. Mwili hufyonza kutoka katika chakula miligramu 1 au 2 kwa siku, na hizo kwa kawaida hufidia zile zinazopotea kila siku. Ukiwa na njaa ya chuma huongeza ufyonzaji, lakini si kwa wingi. Hata kama miligramu 2 nzima zingeingia akibani kila siku, zingehitajika siku 107. Mwanamume mwenye akiba ya miligramu mia kadhaa hukopa kutoka humo bila kujua. Mwanamke anayepoteza damu kila mwezi mara nyingi akiba yake ni ndogo, na mwenye minyoo ya safura, inayonyonya damu tumboni, huweza kuwa hana akiba yoyote.

Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha uzito wa jambo hili. Kati ya watoaji wenye akiba ndogo ya chuma, waliopewa vidonge walirudisha asilimia 80 ya hemoglobini iliyopotea kwa siku 32 kwa wastani. Wasiopewa walihitaji siku 158. Hao walikuwa Wamarekani wenye kula vizuri. Mwanafunzi anayekula bugari na mboga mara moja kwa siku hawezi kutazamia kuwashinda.

Chuma kinachofyonzwa kwa urahisi ni kile cha nyama, maini na samaki, wakiwamo ndakala wakavu wanaouzwa kwa kipimo sokoni. Viwavi waliokaushwa nao wana chuma kingi, na hakuna sababu ya msomi kuwaonea haya. Maharagwe, sombe na lengalenga wana chuma pia, lakini sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Ndimu, chungwa, pera au embe pamoja na chakula husaidia kukifyonza, na chai au kahawa hukizuia. Kikombe cha chai kingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Vidonge vya chuma ni dawa. Daktari ndiye aamue nani avimeze na kwa muda gani, na viwekwe mbali na watoto, kwa kuwa vingi kwa pamoja huua.

6. Kazi isiyoitwa mazoezi

Mwili hautofautishi uwanja na barabara. Magunia ya makala juu ya kinga, katika mlima, huudai moyo kama mbio zinavyoudai, na pengine zaidi, kwa kuwa mkimbiaji anaweza kuacha na mwenye makala anangojwa na mnunuzi. Bidoni la lita 20 kichwani ni kilo 20. Mchimbaji wa mikono katika machimbo ya Kolwezi au Likasi anaposhuka shimoni kwa kamba, kizunguzungu cha nukta chache hakimwangushi katika nyasi. Vile vile dereva wa pikipiki ya abiria, fundi aliye juu ya paa, na mwenye kuendesha basi: kwa hao saa 24 za kwanza si suala la kuchoka bali la uhai, wao na wengine.

Wengi wa watu hao hutoa damu kwa sababu mtoto wao amelazwa, nao hurudi kazini siku ile ile kwa sababu dawa za mtoto huyo hazijalipwa. Kuwaambia wapumzike bila kufikiri nani atalipa ni maneno matupu. Mara nyingi linalowezekana ni kupanga saa: kutoa damu alasiri baada ya kazi, kulala usiku mzima, kupunguza mzigo kwa nusu siku ya pili, kumwachia ndugu zamu ya shimoni. Na linalowezekana zaidi ya yote, bila gharama, ni kubadili maneno ya ushauri wenyewe. Badala ya kumwambia mtoaji asifanye mazoezi makali, mwuguzi aweza kusema hivi: «Leo usibebe, usisukume, usipande juu, usishuke shimoni, usiendeshe pikipiki. Mkono huu usiinue kitu kizito mpaka kesho. Kunywa maji zaidi ya kawaida. Ukiona giza, lala chini hapo hapo.» Sentensi hizo hazina neno moja la kitaalamu, na hakuna kazi ya Katanga inayoweza kujificha kati yake. Idara za lugha zina la kufanya hapa, pengine kuliko kutunga istilahi mpya za plazma na hemoglobini.

7. Wanaohitaji uangalifu zaidi

Kuna watu waliorithi jeni moja tu ya selimundu, waitwao AS. Si wagonjwa, na wengi hawajijui. Uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 31,000 mjini Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta karibu 17 katika kila 100 wakiwa AS. Mtu wa AS anaweza kucheza na kufanya kazi kama wengine. Lakini juhudi kali ya ghafula, katika joto, mwili ukiwa umepungukiwa maji, imewahi kuwaangusha na hata kuwaua baadhi yao. Hali hizo ndizo zinazomkabili anayetoa damu na kukimbia siku hiyo hiyo. Kwa kuwa kipimo chake hakifanywi kwa kila mtoaji, ni busara kila mtu aishi juma hilo kana kwamba ni AS.

Mwenye homa asitoe damu wala asikimbie, hata kama mgonjwa anayengoja ni ndugu yake. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha hatoi. Anayehisi moyo kwenda mbio akiwa ameketi, maumivu ya kifua, au pumzi kukatika kwa kazi ndogo, majuma mawili baada ya kutoa, asiongeze mazoezi ili «kuzoea», aende kupimwa.

Shirika la Afya Duniani hushauri wanaume wangoje majuma 12 kati ya mfuko mmoja na mwingine, wanawake 16. Siku 84 na siku 112: msomaji aliyefuata hesabu ya chuma ataona zilikotoka. Muda huo huvunjwa hasa na wanaotoa damu kwa fedha, ambao huificha tarehe ya mwisho kwa kubadili hospitali. Ndiyo mojawapo ya sababu zilizoufanya Mkutano wa Afya Duniani wa mwaka 1975 kuzitaka serikali ziujenge utoaji wa hiari usio na malipo. Huvunjwa pia, kwa nia njema, na jamaa anayeitwa mara ya pili kwa mgonjwa mwingine wa ukoo. Kwake inafaa kadi au daftari dogo: tarehe, mahali, na namba ya hemoglobini aliyoambiwa siku hiyo. Kiwango kinachotakiwa katika nchi nyingi ni 13 kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke. Mtoaji ana haki ya kuiuliza namba hiyo na kuiandika. Akirudi baada ya miezi minne na kukuta imeshuka kutoka 14 hadi 12.6, hatahitaji mtu wa kumweleza kwa nini mlima wa kwenda nyumbani umekuwa mrefu.